Kuwapeleka watoto msitu wa Jozani: Pilau libaki nyumbani



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la starehe tu na halihusiani na afya, nalo ni kuwatoa watoto nje ya mji siku moja ya mapumziko wakaone miti, wanyama na viumbe vya Allah (SW). Mimi naliona ni jambo la afya, tena kwa pande zote mbili. Mtoto anayeshinda ndani baina ya skuli, chuo na televisheni anahitaji kutembea na kupata hewa. Na mtoto huyo huyo akipelekwa bila ya mpango, jioni huletwa kwetu kituoni akiwa anatapika.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikusanyika nyumba mbili, yangu na ya dada yangu, tukakodi gari kwenda Jozani. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Ili asubuhi tusichelewe, niliomba pilau lipikwe usiku. Likaiva saa tatu usiku, likafunikwa, likalala jikoni, asubuhi likapashwa moto kidogo na kutiwa garini. Mama watoto aliniambia kwamba wali wa kulala si chakula cha kwenda nacho mbali, mimi nikamjibu kuwa nyama imeiva vizuri na viungo vipo. Tukazunguka huku na kule, tukapita na pwani, tukala saa nane mchana. Ilipofika saa kumi na moja jioni, tukiwa njiani kurudi, watoto wanne walianza kutapika mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao, mtoto wa dada yangu mwenye miaka mitatu, mpaka tunafika mjini macho yalikuwa yameingia ndani na akilia hatoki machozi. Katika mkoba wangu mimi, afisa tabibu, hamkuwa na hata paketi moja ya ORS. Alitundikiwa maji usiku ule, na alhamdulillah akapona. Dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Basi tuanze na hilo pilau, maana hapo ndipo penye madhara makubwa na ndipo watu wengi wanapojiamini.

Mchele mkavu huwa na vijidudu aina ya bakteria ambao hujifunika kwa gamba gumu, mfano wa mbegu. Moto wa kupikia huwaua bakteria wengi lakini mbegu hizi hubaki hai. Wali ukishaiva na kuachwa jikoni upoe polepole, joto likiwa baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ndani ya chakula. Jiko letu la hapa Unguja usiku lina nyuzi 25 na zaidi, yaani ni mahali pazuri kabisa kwao. Sasa sikiliza vizuri: asubuhi ukiupasha moto ule wali utawaua bakteria, lakini sumu yenyewe haifi kwa moto wa kupashia. Chakula hakinuki, hakijachacha, na ladha yake ni ile ile. Baada ya saa moja mpaka sita mlaji huanza kutapika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, tulikula saa nane na matapishi yakaanza saa kumi na moja. Nyama, mchuzi wa nazi, maharage na kachumbari navyo vina bakteria wao wa namna nyingine, na kanuni ni moja: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali, au kikiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, kisizidi saa moja.

Huenda ukasema, siku ya matembezi bila ya pilau si matembezi. Ninakuelewa. Basi liliwe nyumbani mkirudi, likiwa la moto kutoka jikoni. Anayeona lazima aende nalo, alipike alfajiri, alitie kwenye hotpoti likiwa linatoka moshi, na liliwe kabla ya saa mbili kupita. Mimi tangu siku ile huchukua vitu ambavyo havina haja ya kuogopewa: mkate, maandazi makavu, tende, korosho au njugu, ndizi, machungwa na matango ambayo hayajamenywa. Matunda hutiwa mfukoni mazima yakiwa yameoshwa, na humenywa pale pale pa kulia. Kwa watoto wadogo njugu nzima hazifai, humpalia mtoto kooni, na wa chini ya miaka mitano asipewe kabisa.

Tuje kwenye safari yenyewe. Nimechagua Jozani kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza ni karibu, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na daladala za upande wa kusini hupita mlangoni pake. Pili, ni msitu wenye njia zilizowekwa na wenye watembezaji, kwa hiyo familia haipotei. Eneo hilo la Jozani na Ghuba ya Chwaka lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na ndani yake wamo kima punju, ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahesabu wakazidi 5,800. Watalii huja kutoka Ulaya kuwaangalia, na watoto wetu wengi wa mjini hukua bila ya kuwaona.

Ugumu wa kwanza ni siku. Skuli hufunga Jumamosi na Jumapili, na vyuo vyetu vingi hufunga Alhamisi na Ijumaa. Mtoto wa mjini kwa hakika hana siku mbili za mapumziko zilizofuatana. Usimtoroshe mtoto chuoni na kumfundisha kusema alikuwa anaumwa. Nenda kwa mwalimu wake siku mbili kabla, muombe ruhusa ya Jumamosi moja, na mueleze munakwenda wapi. Walimu wengi watakubali, na pengine atampa mtoto kazi ya kuhesabu aina ya miti atakayoiona. Chagua pia majira. Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, ardhi ya Jozani ni ya bondeni na maji husimama, njia huwa tope na mbu huwa wengi. Kipupwe ndio wakati mzuri zaidi, Juni mpaka Septemba.

Usiku wa kuamkia safari watoto walale mapema. Ikiwa mlikuwa na arusi usiku ule, ahirisheni. Asubuhi wale kitu chepesi kama mkate na chai ya rangi. Mtoto anayetapika garini akae mbele, aangalie mbali njiani, na asinyweshwe maziwa kabla ya kuondoka.

Sasa mpango wa siku, nao ni mfupi kwa makusudi. Ondokeni saa mbili asubuhi, muwe msituni saa tatu jua likiwa halijawa kali. Tembeeni mpaka saa tano na nusu, mle mkate na matunda kivulini nje ya njia za msitu, mswali Adhuhuri, na saa nane muwe mmerudi nyumbani. Hapo watoto watalala, na wewe utalala. Kosa letu la mwaka ule, mbali na pilau, lilikuwa ni kutaka msitu, pwani, mapango na shamba la viungo vyote kwa siku moja kwa kuwa gari lilikuwa limelipiwa. Mtoto wa miaka minne ana miguu ya kilomita mbili tu, baada ya hapo anabebwa au analia. Msitu na pwani visichanganywe siku moja, hasa kwa sababu mtu anayefika baharini akiwa amechoka ndiye anayesinzia mkekani watoto wakiwa majini. Pwani iwe na siku yake na mtu mzima wake wa kuangalia maji tu, asiye na kazi nyingine.

Juu ya swala, nimeulizwa mara nyingi ikiwa matembezi haya ni safari ya kupunguza. Kilomita 35 hazifiki. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, masafa ya safari ni marhala mbili, na wanazuoni wengi huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu, na hesabu ni ya kwenda tu, hujumlishi kurudi. Kwa hiyo Adhuhuri itaswaliwa rakaa nne na kwa wakati wake. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Mimi hili naliona ni rehema hata kwa mwili, kwa sababu linawalazimisha wote kukaa chini kivulini, kuvua viatu, kunawa na kunywa maji katika saa ile ambayo jua liko juu kabisa.

Kunawa kunahitaji maji, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea hesabu, huchukua maji ya kunywa tu. Mlangoni mna vyoo, lakini usitegemee kuwa bomba litatoa siku hiyo. Imethibiti katika hadithi sahihi kuwa Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, nayo ni kama mchoto wa viganja viwili vya mtu wa wastani, takriban theluthi mbili za lita. Nyumba ya watu saba basi hutosheka kwa lita tano kwa udhu mmoja, ikiwa mtu atamimina kwa kopo na si kwa kuinamisha dumu. Dumu la lita 20 litawatosha kwa udhu, istinjai na kuosha mikono kabla ya kula. Muwe na kopo lenye mdomo na kipande cha sabuni katika soksi kuukuu iliyofungwa kwenye mkono wa dumu, haipotei wala haiingii mchanga. Mikono isuguliwe kwa sabuni sekunde ishirini, na mtu mzima asimame hapo aangalie, maana mtoto aliyemuona kima hana subira ya sabuni.

Maji ya kunywa yawe mbali na hayo. Yachemshwe nyumbani mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko. Kila mtoto awe na chupa yake ya lita moja aibebe mwenyewe, na muwe na akiba ya kumjazia. Mkumbushe kunywa kila nusu saa bila ya kungoja aseme ana kiu. Soda si badala ya maji. Angalia pia mkojo: mtoto ambaye tangu asubuhi hajakwenda haja ndogo mpaka saa sita, au aliyekojoa mkojo wa rangi ya chai, hajanywa vya kutosha.

Na akitaka haja mkiwa katikati ya njia? Chuoni sote tulisoma katika mlango wa istinjai sehemu tatu ambazo Mtume (SAW) ametukataza kujisaidia: penye vyanzo vya maji, njiani, na kwenye kivuli wanachokaa watu. Tulipokuwa watoto tulidhani ni adabu tu. Niliposomea utabibu ndipo nilipoona kuwa kichocho, ambacho kipo hapa Unguja na Pemba, huenea hasa kwa mkojo wenye mayai ya minyoo kuingia katika maji baridi yenye konokono, kisha mwengine akaja kuyaoga au kuyachezea. Kwa hiyo watoto waende chooni kabla ya kuingia msituni. Na wasichezee madimbwi wala mito ya maji baridi popote mtakapopita, hata kama maji yanang'aa.

Huko ndani, msikilizeni mtembezaji. Kima punju wamezoea watu na watakaa karibu sana, na mtoto atataka kumpa ndizi. Asimpe. Mnyama huyu tumbo lake lina vyumba, hula majani machanga na matunda mabichi, na utamu wa tunda bivu humvuruga tumbo. Muwe mbali naye mita tatu au zaidi. Mtoto mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani siku hiyo, si kwa ajili yake tu, bali magonjwa ya binadamu huambukiza kima nao hawana dawa. Na ikitokea mnyama yeyote, kima, paka au mbwa, akamng'ata au kumparura mtoto, msipake majivu wala mafuta ya taa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo aangaliwe kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hatari kubwa kuliko kima, nyoka na mbu wote ni barabara. Barabara ya kwenda kusini inapita hapo hapo kwenye hifadhi, na sehemu ya kutembea juu ya daraja la mbao katika mikoko iko upande wa pili wa barabara hiyo. Matuta yamewekwa kupunguza mwendo wa magari kwa sababu kima walikuwa wakigongwa. Mtoto anayemfuata kima kwa macho haangalii gari. Kabla ya kufika barabarani kila mtoto wa chini ya miaka minane ashikwe mkono na mtu mzima, na mtu mzima mmoja asishike zaidi ya wawili. Ikiwa hesabu haifiki, punguzeni watoto au mchukueni shangazi. Sisi tulikuwa watu wazima wanne kwa watoto kumi na mmoja, na mmoja wetu alikuwa na mtoto wa kunyonya. Hesabu ile haikuwa salama.

Mavazi: suruali ndefu, mikono mirefu, soksi na viatu vya kufunika. Mama naye avae kisichoburura, baibui refu hunasa kwenye miba na mbao za daraja. Mbu wa mchana ndio wanaoleta homa ya dengi, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mtoto mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu, nao si wachache katika ukanda wetu, anaweza kwenda, lakini anywe maji zaidi ya wenzake, asikimbizwe juani, na akianza kusema miguu inamuuma mrudi.

Katika mkoba mtie paketi nne za ORS, plasta, sabuni, panadoli ya watoto na kipimo chake. Paketi moja ya ORS huchanganywa na maji safi lita moja kamili, si glasi moja, na yakipita saa 24 humwagwa. Kama hamna paketi, lita moja ya maji, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, mkubwa zaidi ya hapo 100 mpaka 200. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha anza tena kwa kijiko, polepole. Usimnyime maji kwa kuogopa kutapika, hilo ndilo linaloua. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa mlegevu, akiwa na damu kwenye choo au macho yameingia ndani, msingoje asubuhi.

Neno moja kwa akina baba. Mapumziko haya si ya watoto peke yao. Ikiwa mama ataamka saa tisa usiku kupika, ashinde anagawa na kuosha, na arudi kuosha sahani za watu kumi na tano, basi mmekwenda kupumzika nyinyi na yeye mmemuongezea kazi. Mkate, tende na machungwa havina sahani za kuosha. Dumu ubebe wewe.

Mkisharudi, watoto waoge, na nguo za msituni zifuliwe. Katika wiki mbili zinazofuata, mtoto akipata homa mpelekeni kituo cha afya akapimwe malaria, na mumueleze daktari siku mliyokwenda na mahali. Kabla ya kupimwa apewe panadoli tu kwa kipimo cha umri wake. Aspirini na diklofenaki asipewe, maana ikiwa homa ile ni ya dengi dawa hizo huzidisha kutokwa na damu.